Mama Aliyekataa Kuitika

Leo nitawasimulia habari ya mama mmoja wa milimani, kule ambako nyumba zimejishikiza kwenye mteremko na maharage hulimwa kwenye matuta. Nisikilizeni pole pole. Na ninyi watoto mliokaa mbele msisinzie, maana habari hii inawahusu sana.

Mama huyu aliitwa Mama Nakijwa. Desturi yetu mnaijua. Msichana akishazaa, jina alilopewa na baba yake huwekwa kando kama gauni lililombana, naye huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku ya kwanza alipotoka nje na kichanga mgongoni, jirani alimsalimu kutoka ng'ambo ya bonde: "Mama Nakijwa, hujambo?" Akageuka kutazama nyuma, akidhani anaitwa mtu mwingine. Alipong'amua kuwa ndiye yeye, alicheka mpaka mtoto akaamka.

Baadaye akamzaa Sifaeli, mvulana, akampenda vilevile. Lakini jina halikubadilika. Kwa nini libadilike? Jina la mama ni la yule aliyetangulia kumfanya mama.

Nakijwa akakua, akajifunza ushonaji, akaenda kufanya kazi mjini. Pasaka moja alikuja nyumbani na mwanamke mwenzake. Wakala, wakanawa, na Nakijwa akasema kwa adabu, macho yake kwenye mkeka: "Baba, mama, sitaki kuwadanganya. Huyu si rafiki tu. Ndiye niliyemchagua tuishi pamoja maisha yangu yote."

Baba akasukuma sahani, akatoka nje. Mama alibaki ameketi. Hakuelewa kila kitu, na siwafichi, alilia. Lakini asubuhi aliwafungia wote wawili ndizi za njiani, kifurushi kimoja kimoja, akawasindikiza mpaka barabarani.

Habari ikaenea. Ukoo ukaitisha kikao. Walikaa sebuleni kwake, kwenye viti vyake, na yeye mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa jikoni akiwapakulia makande. Alipoingia na sinia, shauri lilikuwa limekwisha. Shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, akamwambia, "Shemeji, tumekaa tumeona jina la yule binti lisitajwe tena katika ukoo huu. Kuanzia leo wewe ni Mama Sifaeli."

Akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa akitazama makande.

Ndugu zangu, mwanamke anavuliwa jina ndani ya nyumba yake, na aliyemwuliza ni nani? Hakuna. Walimwomba chumvi tu.

Sasa, katika milima ile maji hugawanywa kwa zamu. Kuna bwawa dogo linaloitwa ndiva. Maji hujaa humo usiku kucha, na asubuhi msimamizi huzibua kizibo na kuita kila nyumba kwa jina la mama wa nyumba hiyo, kwa sababu akina mama ndio wanaolima. Ukiitwa, unaitika, unaelekeza maji kwenye matuta yako. Usipoitika, zamu inakwenda kwa mwenzako. Na msimamizi wa ndiva alikuwa nani? Yule yule shemeji.

Zamu ya kwanza ilipofika, akaita, "Mama Sifaeli!"

Mama yetu alikuwa pale pale, jembe begani, miguu kwenye tope. Akanyamaza.

"Mama Sifaeli!"

Kimya.

"We mwenzetu," akasema mwanamke mmoja, "masikio umeyaacha nyumbani?"

Mwingine akadakia, "Mwacheni, huyo anangoja kuitwa na mkuu wa mkoa." Wakacheka, na maji yakaenda shamba la jirani.

Zamu ya pili ikawa hivyo hivyo. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na kila mkulima hapa anajua, ua la haragwe likikosa maji halikungoji. Yakaanza kunyauka. Mumewe, aliyekuwa ameshazoea kuitika Baba Sifaeli haraka haraka kama mtu anayekwepa moto, akamwambia kwa upole, "Mke wangu, itika tu. Ni neno moja. Maji yakishaingia shambani hayaulizi yaliitwa kwa jina la nani. Tutakula nini?"

"Nikiitika," mama akajibu, "Nakijwa atakuwa amezaliwa na nani?"

Mumewe alitoka kwenda kumtazama mbuzi, ingawa mbuzi alikuwa ameshatazamwa.

Niwaulize ninyi akina mama mliokaa upande huu: mngeitika? Msijibu haraka. Shamba lenyewe ni lile moja tu. Na mlioko upande wa akina baba, mngefanya nini? Mngekwenda kutazama mbuzi?

Zamu ya tatu ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana neno lilikuwa limeenea kwamba leo ataitika, hana budi. Shemeji akasimama juu ya ukingo wa ndiva, akaita kwa sauti kubwa, "Mama Sifaeli! Shemeji, nakuomba. Itika, maharage yanakufa."

Alisema hivyo bila ukali. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwamba anaulinda ukoo. Mama akasogea mpaka kwenye ukingo, akaongea naye taratibu, kama unavyoongea na mtu mliyekula naye miaka mingi.

"Shemeji, mama mkwe wangu anaitwa nani?"

Shemeji akashangaa. "Si unajua? Mama Navoneiwa."

"Na huyo Navoneiwa yuko wapi?"

Watu wakasogea karibu.

"Alifariki," shemeji akasema. "Alikuwa mchanga. Hata meno alikuwa hajaota. Mimi mwenyewe sikumwona, nilizaliwa baada yake."

"Ulizaliwa baada yake, ukakua, ukawa mwanamume wa kusimamia maji. Kuna siku mama yako aliitwa kwa jina lako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Shemeji akafungua kinywa, akakifunga. Jibu alikuwa nalo tangu utotoni: kwa sababu ukimwondolea mama jina lile, utakuwa umemzika mtoto wake mara ya pili.

"Kifo chenyewe kilimwachia mama yako jina la binti yake," mama akasema. "Wangu yu hai, shemeji. Juzi kanipigia simu kaniuliza kama mgongo umepona. Ninyi mtakuwa wakali kuliko kifo?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji akabaki ameshika fimbo ya kizibo, hajui aivute au aiache. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya wanaume, sauti ya mtu aliyenyamaza mbele za watu tangu Pasaka. Ilikuwa ya mumewe.

"Kaka, zibua," akasema. "Baba Nakijwa nipo hapa. Hiyo ni zamu yetu."

Ndugu zangu, mfano wenyewe unaishia hapo, kwenye maji yanayoteremka. Sitawaambia kwamba ukoo wote ulikubali siku ile. Haukukubali. Lakini tuseme ukweli, sisi tuliomo humu. Ni mara ngapi tumekaa kikao kuhusu maisha ya wanawake, wao wakiwa jikoni wakitupikia? Ni wangapi tumewafuta kwa sababu hawakupenda yule tuliyetaka wampende, kisha tukaita jambo hilo kulinda nyumba? Aliyewaumba alikuwepo siku walipozaliwa. Hakuomba ruhusa yetu kuwapa uhai, na hajatupa sisi kazi ya kufuta majina yao.

Kila wiki, mahali hapa, wakati wa maombi huwa tunawataja watoto wetu walio mbali. Tunamtaja aliye kwenye mitihani, aliye jeshini, hata aliye gerezani tunamtaja kwa sauti. Lakini nimewahi kuwaona baadhi yenu, akina mama, hata baba mmoja au wawili, mnafungua kinywa wakati ule, mnatazama kushoto na kulia, mnakifunga. Jina linarudi kifuani. Mmekuwa mkiondoka nalo hivyo hivyo kwenda nyumbani, miaka na miaka.

Sasa tumefika kwenye maombi hayo. Tusimame. Mama, baba, usitazame kushoto wala kulia. Mtaje mwanao, nasi sote tutaitikia.