Jiko la Mama Mbuke

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi juzi tu, palikuwa na mji ulioitwa Magunia. Jina lilitokana na mahindi. Ukifika stendi ni magunia, ukifika sokoni ni magunia, ukienda kuposa unakalishwa juu ya gunia. Mwaka mmoja mahindi yalinyeshewa ghalani, yakaota ukungu, watu wakala, watu wakafa. Ukungu ule una sumu iitwayo sumukuvu. Mahindi yakiwa bado punje, mbovu utaiona. Yakishasagwa huoni kitu. Unga mweupe, ugali mtamu, na mauti yamo humo humo.

Serikali ikasikia kilio, ikaleta Ofisi ya Usalama wa Unga. Jengo likapakwa rangi, bendera ikapandishwa, geti likawekwa mlinzi. Juu ya yote ukaja muhuri wa bluu. Gunia lenye muhuri huuzwa, gunia lisilo na muhuri haliuzwi. Watu wakashusha pumzi.

Kabla ya hapo, wanawake wa Magunia walikuwa na desturi yao. Jioni walikaa barazani, kila mmoja na ungo wake, wakachambua mahindi punje kwa punje, nzima huku, mbovu kule, na umbea katikati. Ulipokuja muhuri, nyungo zikatundikwa ukutani. Wakaanza kununua unga uliokwisha kusagwa kwa Ndaki, mwenye mashine kubwa na duka kubwa. "Ya nini kujichosha?" walisema. "Muhuri umeshatuchambulia."

Sasa, katika mji huo alikuwepo Nyamizi, fundi cherehani. Wazazi wake walikufa mwaka ule wa ukungu, akabaki na mdogo wake Mihayo, akamlea kwa nguo za watu. Mihayo akasoma, akaenda chuo, akasomea kemia, akarudi na cheti. Cheti kikakaa kabatini, Mihayo akakaa mlangoni.

Cherehani ya Nyamizi ilitazamana na ubao wa matangazo wa sokoni. Mji ule ulikuwa na sheria: ofisi yoyote ya serikali ikitaka mtu, ibandike tangazo pale, na tangazo liseme kazi yenyewe ilivyo. Sheria ilitungwa baada ya kijana mmoja kuitwa ukarani, akafika akakuta karani ndiye mchunga mbuzi wa mkubwa wa ofisi. Kwa hiyo ubao wa Magunia haukudanganya. Maofisa wangeweza kudanganya kwenye hotuba, wakadanganya na redioni, lakini pale ubaoni walisema kweli.

Kila Jumatatu Nyamizi aliusoma ubao kwa ajili ya mdogo wake. Na kwa kuusoma sana, akaanza kuisoma ofisi yenyewe.

Alirudi nyumbani akasema, "Mihayo, wanataka dereva."

"Basi wamepata gari," alisema Mihayo.

Jumatatu nyingine, "Wanataka mtunza bustani."

"Basi wamepanda maua."

Jumatatu nyingine, "Wanataka mpiga picha."

"Basi wanatarajia wageni."

Jumatatu nyingine, "Wanataka mgonga muhuri wa pili."

"Basi wa kwanza mkono umemvimba!" Wakacheka mpaka machozi. Ukiwa huna kazi, na kicheko ni chakula.

Siku moja Mihayo akaacha kucheka. "Dada, hii ofisi haijawahi kutangaza mpimaji. Wala mtu wa kuosha chupa za maabara. Unga unapimwaje mahali ambapo hakuna wa kuosha chupa?"

"Labda walikuja naye mpimaji wao tangu mwanzo."

"Labda," alisema Mihayo. Wakaliacha hapo.

Kisha ikaja Jumatatu ya tangazo lile. Lilisema hivi: Anatakiwa mpimaji wa sumukuvu, wa kwanza. Atafungua mashine ya kupimia, ambayo imo kwenye kasha lake tangu ofisi ianze, na atawafundisha wenzake kuitumia.

Nyamizi alilisoma, akalirudia. Furaha ilimjia kwanza, na simlaumu: kazi hii ni ya Mihayo, imeandikwa kama wanamjua. Halafu ikaja baridi. Kama mashine imo kwenye kasha, muhuri ule wa bluu ulikuwa unagonga nini miaka yote hii? Pembeni yake watu walisimama, wakatazama kichwa cha tangazo, wakaenda zao. "Si la udereva," walisema.

Jioni Mihayo akamwambia, "Dada, tuwaambie watu."

"Uwaambie nini? Kwamba ofisi unayoiomba kazi inagonga muhuri hewani? Nani atakuajiri ukishasema hivyo? Tulia. Ukishaingia utaifungua hiyo mashine, kila kitu kitanyooka. Ni suala la wiki chache tu."

Mihayo akanyamaza. Mkumbukeni naye kwa kunyamaza huko.

Nyamizi hakulala vizuri. Asubuhi akanunua mahindi ya punje, akautungua ungo ukutani, akaupangusa vumbi. Jioni akakaa barazani peke yake, akachambua.

Ua wake ulikuwa mmoja na wa Kalunde, shoga yake wa kuchangia chumvi na siri. Kalunde alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbuke, aliyempata baada ya kungoja sana, mtoto mwenye maswali kuliko hakimu. Mama na mwana wakatoka ndani, Kalunde akaona ungo, akaangua kicheko.

"Shoga, umerudi enzi za bibi? Ungo tena?"

Ulimi wa Nyamizi ukawa mzito. Kalunde alikuwa mtu mwema, lakini mdomo wake haukuwa na komeo. Ukimwambia asubuhi, adhuhuri soko zima linajua, na magharibi ofisi inajua nani kasema. Nyamizi akaendelea kuchambua. "Mazoea tu, Mama Mbuke. Unga wa dukani unaniletea kiungulia."

Mbuke akachuchumaa kando ya ungo. Akaokota punje kwa vidole vyake vidogo. "Hii mbovu, mama mkubwa?"

"Mbovu hiyo, mwanangu. Tupa."

"Na hii?"

"Hiyo nayo mbovu. Una macho makali wewe!"

Alimfundisha mtoto wa mwenzake kuchambua, akamsifu, akampangusa mikono kwa kanga, kisha akamwacha aende kwao kunywa uji wa unga wa Ndaki. Alifanya hivyo jioni ile, na jioni zilizofuata. 

Na Ndaki je? Ndaki pia alisoma ubao. Mfanyabiashara anayengoja wakaguzi husoma ubao kuliko mtafuta kazi. Mvua ya ghafla ilikuwa imelilowesha ghala lake, mahindi yamepata joto, ukungu umeanza kushika. Alikuwa ameazimia kuyatupa. Aliposoma kwamba mashine imo kwenye kasha, akayachanganya na mazima, akayasaga, akayapeleka ofisini. Wakayagonga muhuri.

Nyamizi alikuwa chumbani siku barua ya Mihayo ilipofika. Ameajiriwa! Akatoka uani na kigelegele, na kigelegele hicho hakikufika mwisho, maana upande wa pili wa ua kilitoka kilio cha Kalunde. Mbuke alikuwa amelazwa hospitali tangu juzi, nyumbani wakidhani ni homa tu, kumbe macho ya manjano, tumbo limevimba, hata maji hayakai. Walikuwa wamemrudisha amefunikwa.

Mihayo alikwenda kazini kesho yake. Akalipasua kasha kwa nyundo. Unga wa kwanza aliouweka kwenye mashine aliuchota mwenyewe katika debe la Kalunde. Mashine ikasema sumukuvu imejaa. Mihayo akatoka nje ya jengo, akakaa chini katikati ya maua ya ofisi, akalia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye shughuli. Watu wa Magunia wana desturi. Mtu akifa kwa kosa la wengine, jiko la mfiwa huzimwa, na siku ya kuanua matanga huwashwa na mtu mmoja tu, mwenye lawama kubwa kuliko wote. Akiinama kuliwasha amekiri mbele ya umati, na adhabu ya mji itamfuata. Wengine huenda nyumbani, hawaulizwi tena. Mpaka hapo mfiwa hali chakula cha moto, hupewa maji na tunda basi. Siku ya kuanua matanga ya Mbuke ua ulijaa watu. Katikati mafiga matatu, majivu baridi, na Kalunde kwenye mkeka, amekonda mpaka bangili zinamtoka.

Akasimama Lubinza, mkubwa wa Ofisi ya Usalama wa Unga, kofia mkononi.

"Jamani, mimi niliomba mpimaji tangu siku ya kwanza. Wakuu wakaniletea dereva. Nikaomba tena, wakanipa mtunza bustani. Walipokubali, tangazo niliandika kwa mkono wangu, na neno kasha nililiweka mimi makusudi, ili mlisome mjihadhari. Nani mwingine katika mji huu aliwaambia ukweli hadharani? Ni kweli, niliendelea kugonga. Ningeacha, soko lingefungwa, na mngekufa njaa mkinilaani. Mimi nilisema. Hamkusoma."

Akasimama Ndaki.

"Mimi ni msagaji. Kazi yangu kusaga, ya ofisi kupima. Nilipeleka magunia yangu mchana kweupe, sikumhonga mtu, sikuficha gunia. Wangeyakataa, ningeyamwaga. Mlitaka nijikatalie mwenyewe wakati serikali imenikubalia? Na mwaka huu mahindi yalikuwa haba, ninyi wenyewe mlipanga foleni dukani kwangu. Nimekosa, sikatai. Lakini aliyenifungulia mlango ni yule aliyegonga muhuri."

Mihayo akataka kusimama. "Mimi ndiye niliyesomea jambo hili," alisema, na sauti ikamkatika. Dada yake akamshika mkono, akamketisha.

Nyamizi akasimama yeye. Tangu alfajiri alikuwa amefunga kibiriti kwenye pindo la kanga.

"Hawa wawili hawakumpenda Mbuke," alisema. "Mimi nilimpenda. Nililisoma tangazo nikalielewa lote. Nikajichambulia mahindi yangu, nikamficha mama yake, ili ndugu yangu apate kazi. Mihayo alitaka kusema, mimi ndiye niliyemzuia. Sikusaga, sikugonga. Nilinyamaza tu."

Kalunde alikuwa hajui. Akainua macho polepole. "Kumbe ndiyo maana ya ungo?"

"Ndiyo maana yake, Mama Mbuke."

"Na mwanangu alikuwa anakuchambulia."

Nyamizi akaanza kulifungua pindo la kanga.

Kalunde akajipangusa uso. "Mimi nami najua kusoma," alisema, kama anayejisemea. "Nilipita pale ubaoni. Nikaona neno kazi, nikasema sina mtafuta kazi kwangu, nikaenda zangu nikanunua unga. Uji nilikoroga mimi. Nilimbembeleza amalize kikombe."

Wanawake wakalia. Nyamizi akapiga goti mbele ya mafiga, akatoa kibiriti, akachomoa njiti moja.

"Usiliwashe," alisema Kalunde.

"Mwenzangu, huwezi kuendelea kukaa na njaa."

"Ukiliwasha wewe, hawa wawili wanakwenda nyumbani wasafi. Kesho Ndaki anafungua duka, na huyu mwenye kofia anarudi mezani kwake. Wewe utabeba kwa sababu una moyo, na wao watapona kwa sababu hawana."

"Basi niinuke?"

Kalunde akamtazama mtu aliyechangia naye chumvi na siri. "Ukiinuka, Nyamizi, nami nitajua kuwa uliinuka."

Lubinza alikuwa anaigeuza kofia yake. Ndaki alitazama geti. Mihayo alikuwa analia bila kujificha. Nyamizi alibaki pale pale, goti kwenye majivu, njiti mkononi haijawaka. Ungo ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma yake, na ndani yake mlibaki punje chache mbovu, alizozitenga Mbuke zikasahauliwa kutupwa.

Mimi nimewaacha hapo, sina zaidi. Ninyi mlionisikiliza ndio umati wa uani sasa, na mama wa watu hajala. Msiniambie wote kwa pamoja, maana jiko ni moja na desturi inataka mtu mmoja. Aliyesema ukweli ubaoni huku akigonga uongo kwenye magunia? Aliyejua gunia lake ni bovu, akalisaga? Au aliyeelewa, akapenda, na akanyamaza?

Je, nani alistahili kuliwasha jiko la Mama Mbuke?