Kadi ya Thelathini

Usinibinulie mdomo kabla sijaanza. Hujawahi kuvunjika, utajuaje? Kavunjike kwanza, upange foleni, halafu ndiyo uje uniambie naongopa.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, ilikuwapo hospitali iliyotembelewa na daktari bingwa wa mifupa mara moja kila miezi mitatu. Aliona wagonjwa thelathini, haongezi hata mmoja, kisha akapanda gari akaenda zake. Kwa hiyo watu walifika tangu jana yake. Na kwa kuwa mwenye mguu mbovu hawezi kusimama usiku kucha, kila mmoja aliacha kandambili moja uani kushika nafasi, mwenyewe akajilaza barazani.

Somoe, mjane wa watu, nyonga ilimtesa. Safari ya kwanza daktari aliitwa kikaoni. Safari ya pili mashine ya picha iliharibika. Safari ya tatu akaangukia namba thelathini na moja. Miezi tisa analala ameketi. Na bintiye, aliyemnyanyua hata kwenda chooni, anaolewa mwezi ujao.

Safari ya nne, alfajiri, mvua ikazoa kandambili zote hadi mtaroni. Watu wakaanza kutukanana. Akainuka Mzee Chitanda na gongo lake, goti limevimba kama fenesi, akaziokota topeni moja moja, akazipanga upya kwa kichwa chake: hii ya mwalimu, hii ya yule mama wa kiuno. Hakuna aliyebisha. Yake tu ndiyo haikuonekana.

Hadi alasiri wakaingia ishirini na tisa. Ikabaki kadi moja ya kumwona daktari. Nesi Atupele akaita watu watatu chumba cha kadi.

Somoe akasema, "Kandambili inayofuata ni yangu. Kila mtu ameiona."

"Ameiona pale nilipoiweka mimi," akasema Mzee Chitanda. "Yangu ilikuwa mbele yako, mwanangu. Za watu wote nimekumbuka mkaniamini. Yangu ndiyo nimeota?"

Somoe alitaka kumwita mwongo, akajizuia. Akimkataa mzee, nafasi yake mwenyewe itashikwa na nini?

Wa tatu alikuwa Mshamu, fundi mwashi, aliyefika asubuhi hiyo na barua ya rufaa. Akanyoosha kiganja kilichopinda. "Sina kandambili. Lakini nesi ameona picha, mfupa unaunga upande. Nikingoja miezi mitatu utavunjwa upya, na huenda nisishike mwiko tena."

"Wiki tatu ulizokaa kwa mganga wa kijijini, umetusimulia mwenyewe barazani, hukuwa na haraka," Somoe akamwambia. "Leo ndiyo mfupa wako una mbio?"

"Kosa ni langu, mama. Na mkono ni wangu."

Nje dereva wa daktari akawasha gari. Nesi Atupele akaiweka kadi mezani.

"Nikichagua mimi, nitalala na laana za wawili. Naenda kumshikilia daktari. Nikirudi nimkute mmoja tu ameishika."

Akatoka. Somoe akausikia mlango ukifungwa. Mzee akaitazama kadi, Mshamu akaitazama kadi, na gari linanguruma.

Haya, semeni: je, nani alistahili kunyoosha mkono?