Gari la Marehemu na Msumeno wa Jirani

Alikuwapo Ngamiani, Tanga, mjane aitwaye Bi Mwajabu, aliyeachiwa na mumewe gari kuukuu la mashindano, la Kimarekani. Bwana Shebughe, tajiri mwenye uchu wa magari ya zamani, alikuja kulitazama. Akalizunguka huku amekunja pua.

"Mama, humu hamna kipuri cha asili hata kimoja. Vyote bandia. Nitalichukua kwa bei ya chuma chakavu, nikusaidie tu."

"Ahsante, baba. Kama ni chuma chakavu, basi acha jirani yangu ajipatie chake kwanza." Akamwita fundi wa majiko ya mkaa. "Senkondo! Njoo na msumeno, ujikatie!"

Senkondo akauweka msumeno kwenye mlango. Shebughe akatazama saa yake. Akauweka kwenye bampa. Shebughe akapiga miayo. Akafungua boneti, akauweka kwenye kabureta.

"Hapo acha!" tajiri akaruka.

Senkondo akahamia kwenye mabomba ya moshi.

"La, la! Hayo nayo acha!"

Alipogusa kichwa cha injini, Shebughe alikikumbatia, kanzu yake nyeupe ikalowa grisi.

Bi Mwajabu akatoa chaki, akatia alama kila palipopigiwa kelele.

"Nakushukuru, baba. Marehemu aliniambia gari hili lina vipuri vya asili vya kuongeza kasi, ila hakuwahi kunionyesha. Sasa tuzungumze bei."

"Mwambie kwanza huyu aondoe msumeno wake!"

Senkondo akauinua juani, tajiri auone vizuri. Haukuwa na jino hata moja.