Daftari la Saba Lililovuka Songwe

“Kilichoazimwa ndicho kilichopona.” Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi alipomtolea jirani sufuria kubwa ya harusi, nanyi mkaguna. Mmoja wenu akathubutu kusema kwamba katika nyumba hii kilichoazimwa ndicho kilichovunjika, akatoa na mfano wa kinu. Kinu nakijua, na aliyekivunja namjua, wala hakuwa jirani. Kaeni basi niwaeleze maneno haya yalikozaliwa, maana hayakuzaliwa jikoni. Yalizaliwa maktaba.

Hapa mjini kwetu, kaskazini ya mto Songwe, palikuwa na mkutubi aliyeitwa Subilaga Mwambene. Alikuwa mwanamke asiyetulia. Chai aliinywa amesimama, na kiti chake cha ofisini kilizeeka kwa vumbi kabla ya kuchakaa kwa kukaliwa. Alikabidhiwa maktaba akiwa na miaka ishirini na mitatu, akakuta rafu tatu za vitabu, na rafu moja nzima ilihusu kilimo cha viazi katika nchi za theluji. Wasomaji walivimaliza vile vizuri kwa mwaka mmoja, kisha wakaacha kuja. Mwingine angeandika barua kwa wakubwa, akakaa kungoja majibu mpaka uzeeni. Subilaga alimwandikia jirani.

Jirani huyo alikuwa mkutubi wa Karonga, ng’ambo ya mto, nchini Malawi. “Ninavyo vitabu arobaini ambavyo watu wangu wameshavisoma,” aliandika Subilaga. “Bila shaka nawe unavyo vya kwako. Tubadilishane kwa miezi mitatu.” Karonga alikuwapo Bwana Wedson Msukwa, mtu mrefu, mpole, anayeandika polepole kama anayepanda mbegu. Yeye hakujibu kwa barua, alijibu kwa sanduku zima la vitabu.

Huo ukawa mwanzo wa kile walichokiita Mzunguko. Baada ya Karonga wakaja Mbala na Kasama kutoka Zambia, kisha Bujumbura, na kabla ya miaka kumi kwisha maktaba kumi na nne za nchi tano zilikuwa zikipelekeana masanduku ya mbao kwa mabasi na kwa meli. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake yenye tarehe ya kurudi, na tarehe hizo zote Subilaga alizijua kichwani. Kitabu kikichelewa siku mbili, mwenye kukichelewesha alipata barua siku ya tatu. Alialikwa hata Ulaya kwenye mkutano wa wakutubi wa dunia. Akaenda na koti la kuazima, akasimama mbele ya wakubwa wale akawaambia kwamba kitabu hakina pasipoti, na akapigiwa makofi. Alirudi na ahadi ya vitabu mia tatu, na kesho yake saa moja asubuhi alikuwa juu ya ngazi akipanga rafu za kuvipokea.

Lakini nyani haoni kundule. Huyu aliyefundisha nchi tano kuazimana alikuwa na kitu asichomwazimisha mtu.

Palikuwa na madaftari kumi na mawili yaliyoandikwa na Mwalimu Ambokile. Mwalimu huyo alitembea kwa miguu miaka thelathini, kijiji hadi kijiji, akiwauliza wazee nasaba zao, mipaka ya mashamba, dawa za miti na nyimbo za mazishi. Yote aliyaandika kwa mkono, kwa wino, nakala moja tu. Kabla ya kufa alimwita Subilaga akamwambia, “Yatunze, binti yangu.” Subilaga alilia, akaahidi, akayapiga muhuri mwekundu wenye neno moja: HALITOKI.

Aliyatia katika sanduku la chuma, sanduku akalifunga kwa nati kwenye sakafu ya saruji wezi wasilibebe, na ufunguo akauvaa shingoni. Aliyetaka kuyasoma ilimbidi aje mwenyewe, anawe mikono, asome Subilaga amemsimamia kichwani. Kunakili alikataza, wino usije ukamwagika. Mnajua wenyewe jinsi inavyokuwa kula huku unatazamwa mdomoni. Kwa miaka kumi waliyasoma watu wanne.

Basi Bwana Msukwa akaandika kuomba daftari la saba. Humo Mwalimu Ambokile alikuwa ameandika habari za koo zilizovuka Songwe zamani, na watu wa Karonga ni ndugu zetu, lugha moja, makaburi ya babu mamoja. Subilaga alijibu kwamba jalada limelegea. Akaomba tena, akajibiwa kuwa mvua ni nyingi. Mara ya tatu akajibiwa kuwa orodha haijakamilika. Barua ya nne ya Msukwa ilikuwa fupi.

“Dada Subilaga, miaka kumi na minane nimekuletea kila ulichoomba. Mimi nimeomba kimoja. Ukisema Mzunguko, unamaanisha mzunguko, au ni mfereji wa kuteremshia maji shambani kwako? Ukikataa tena, Karonga tunatoka, na wenzetu wa Mbala watauliza kwa nini.”

Aliisoma amesimama, kisha akakaa. Wafanyakazi walitazamana, maana hawakuwahi kumwona amekaa asubuhi. Karonga wakitoka, Mbala wangetoka, na kazi ya maisha yake ingefumuka uzi mmoja baada ya mwingine. Na akilitoa daftari, je, lisiporudi? Alizunguka maktaba siku tatu, akigusa rafu bila sababu. Siku ya nne alilifunga daftari la saba kwa kitambaa, kisha kwa nailoni, kisha kwa kitambaa tena, akaandika kwenye kadi mwezi mmoja tu, akalipeleka basini kwa mikono yake. Basi lilipoondoka alilifuata hatua kadhaa, mpaka kondakta akachungulia kumuuliza kama anapanda.

Mwezi ule hakuwa mtu wa kuishi naye. Tarehe ya kurudi ilifika, daftari halikufika. Wiki ikapita, zikapita mbili. Aliandika barua, akaandika nyingine, na Msukwa akajibu kwa maneno mawili: “Bado linasomwa.” Majibu gani hayo! Katikati ya Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, Subilaga alivaa viatu vya mpira akatangaza kwamba anakwenda kulichukua mwenyewe.

Mlinzi wa maktaba, Mzee Anyosisye, alimzuia mlangoni.

“Mama, mto umejaa mpaka kwenye migomba. Subiri angalau siku mbili.”

“Nikisubiri, panya wa Karonga watalimaliza.”

“Basi niachie huo ufunguo. Maji yakiingia nitayapandisha madaftari rafu ya juu.”

Subilaga alishika shingo yake. Alimfahamu Anyosisye miaka kumi na mitano, naye mzee huyo hakuwahi kumkosea kitu.

“Lile sanduku ni la chuma, Mzee,” alisema. “Maji hayali chuma.”

Akaondoka na ufunguo wake.

Alipofika Karonga alikuta mabenchi ya maktaba yamejaa hadi barazani, na si wanafunzi, wazee watupu. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akiwasomea kutoka daftari la saba, jina baada ya jina. Kila ukoo ulipotajwa, mtu alinyoosha mkono au alifunika uso kwa kanga. Subilaga alipita katikati yao hadi mezani kwa Msukwa, hata salamu akaisahau.

“Tarehe imepita wiki tano, Bwana Msukwa.”

“Najua, dada. Karibu, keti kwanza.”

“Siketi. Daftari langu.”

“Wanakuja kutoka mbali. Kila nikitaka kulifunga, anatokea mwingine. Ningemwambia nini?”

“Ungemwambia tarehe!”

Alilitwaa mikononi mwa yule mwalimu, akalikagua hapo hapo mbele ya watu. Pembe zilikuwa zimelainika kwa vidole, na ukurasa mmoja ulikuwa na alama ya mafuta. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Bibi mmoja aliyekaa benchi la mbele, Bibi Tupokigwe, aliinuka kwa shida.

“Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa wa kufuata,” alisema. “Nimetembea siku mbili. Nataka jina la mama yake bibi yangu, basi.”

Subilaga alimsikia vizuri. Alilifunga daftari kwa kitambaa, kwa nailoni, na kwa kitambaa tena, akatoka. Usiku alilala nyumba ya wageni na daftari chini ya mto wa kulalia, na asubuhi, alipokuwa akivuka daraja la Songwe, aliona aibu aliyoshindwa kuitua. Alijiambia kwamba ameshika ahadi ya marehemu. Alijiambia hivyo mara nyingi mno.

Ng’ambo ya daraja alikutana na watu wa mji wake wamebeba magodoro vichwani. Mto ulikuwa umevunja kingo jana yake saa tisa mchana.

Maktaba aliikuta na tope hadi magotini. Vitabu vya rafu za juu vilikuwa salama, vingine vilikuwa vimeanikwa ukutani kwa jirani. Mzee Anyosisye alikuwa amekaa juu ya sanduku la chuma, mikono yake imefungwa vitambaa vyenye damu.

“Nilijaribu kwa mtaimbo, Mama,” alisema. “Kufuli lilikataa. Kulibeba nilishindwa, limefungwa sakafuni. Nilisimama hapa nikayaona maji yakiingia kwenye tundu la ufunguo.”

Subilaga alivua ufunguo shingoni, akafungua. Madaftari kumi na moja yalikuwa bonge moja. Wino wote ulikuwa umeyeyuka, maji ya sandukuni yamekuwa ya bluu. Alichota kurasa kwa viganja, zikapita katikati ya vidole vyake kama uji. Miaka thelathini ya Mwalimu Ambokile, wazee waliokwisha kufa, nyimbo ambazo hakuna tena wa kuziimba, vyote alikuwa amevifungia mwenyewe ndani na maji. Alipiga yowe lililosikika sokoni, na watu wakadhani amefiwa. Na kweli alikuwa amefiwa.

Jioni wafanyakazi walimzunguka. Mmoja alishauri daftari la saba lipelekwe benki, likafungiwe katika chumba cha fedha. Mwingine alitaka sanduku jipya, refu, la kuning’inizwa darini. Subilaga aliwasikiliza wote. Asubuhi hakuna aliyemwona. Alikuwa amekwishapanda gari la kwanza la kwenda mpakani, na viatu vyake vya tope.

Bwana Msukwa alipomwona mlangoni alisimama, akidhani dada huyu amerudi kumaliza ugomvi. Habari za mafuriko zilikuwa zimemfikia.

“Pole sana, dada,” alisema. “Pole. Ndaga, asante kwa kuja, lakini mbona leo tena?”

“Bibi Tupokigwe yuko wapi?”

“Yupo kwa mpwa wake, karibu na soko. Alisema hana nguvu ya kutembea siku mbili bure, apumzike kwanza.”

“Mwite.” Subilaga aliliweka daftari la saba mezani, akafungua kitambaa, nailoni, na kitambaa tena. “Na akimaliza yeye, mwite wa baada yake. Anayetaka kunakili, anakili. Wakiisha wa hapa, lipeleke Mbala, halafu Kasama.”

Msukwa hakuligusa. “Dada, limebaki hili moja tu duniani. Nilikuudhi kwa kulichelewesha, nakiri. Lichukue ulifungie.”

“Nilifungia kumi na moja, Bwana Msukwa.”

Kisha Msukwa akavuta kadi ya daftari, akachovya kalamu yake, na kwa ule mwandiko wake wa polepole akaanza kuandika jina la msomaji. Alipofika pahali pa tarehe alisita, akauliza aandike lirudi lini.

“Usiandike tarehe,” Subilaga alisema. “Andika nitakayokwambia.”

Naye akaandika. Kadi ile ilifuatana na daftari la saba Karonga nzima, ikafika Mbala, ikafika Kasama, ikapanda meli hadi Bujumbura. Katika kila mji aliyelifungua alikutana nayo kwanza, kabla ya jina lolote la babu yake, akaisoma kwa sauti, na wenzake waliokuwa wakingoja zamu wakaishika: kilichoazimwa ndicho kilichopona.