Mbwa wa Mzee Mwakatobe

“Aliyemfukuza mbwa kafukuza na miguu.” Ndivyo Bibi Sekela alivyowajibu asubuhi ya leo mlipotaka kumpokea ule mfuko wa mifupa, nanyi mmekuja kwangu mkicheka kwamba bibi amezeeka, anachanganya maneno. Hajachanganya kitu. Kaeni niwaeleze maneno hayo yalikotoka, maana mwenyewe hatawaambia.

Sekela alipokuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama yake alifariki, naye akarudi hapa kijijini kumtunza baba yake, Mzee Mwakatobe. Alikuwa mtoto wa pekee, na alimpenda baba yake kuliko alivyojua kusema. Mzee alikuwa na sukari na presha. Alikuwa na mbwa vilevile, dume la kahawia lenye sikio moja lililokatika ncha. Alimwita Watasema, yaani watu na waseme wanavyotaka.

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mashamba ya chai, Watasema alikwaruza mlango. Mzee alivaa koti, akachukua fimbo, wakashuka wawili hadi buchani kutafuta mifupa, kisha wakapanda tena kilima hiki mnachokijua. Njiani mzee alimsimulia mbwa habari za marehemu mkewe, ambazo hakumsimulia mtu mwingine yeyote. Kwenda na kurudi kulichukua saa nzima.

Sasa, sisi hapa tuna desturi yetu. Mzazi akizeeka, heshima yake ni kukaa. Maji ya kunawa yamfuate, chakula kimfuate, hata jua likihama ahamishiwe kiti. Sekela akaanza kusikia ya watu. Siku moja kwaya ilipotoka mazoezini, mama mmoja alimwuliza mbele ya wenzake, “Hivi wewe Sekela, ulirudi kumtunza baba yako au kumtuma? Mzee mzima apange foleni buchani kwa ajili ya mifupa ya mbwa!” Wakacheka. Sekela akalala na maneno hayo, akaamka nayo.

Jumapili iliyofuata, mzee akiwa kanisani, Sekela alimchukua mbwa akampa mlinzi wa shamba la chai la ng'ambo ya mto. Baba yake aliporudi alikuta kiti barazani, chenye mto mpya.

“Baba, kuanzia leo pumzika. Umehangaika vya kutosha.”

“Watasema yuko wapi?”

“Amepata kwake, kwa mlinzi. Atakula vizuri kuliko hapa.”

Mzee aliitazama njia ya kilimani. “Haya, mwanangu,” akasema, akaketi.

Akakaa kweli. Alikaa masika yote. Watu wakamsifu Sekela mpaka akaona radhi zote za dunia ni zake, na yule mama wa kwaya akaleta mkungu wa ndizi. Lakini mzee akawa anakula nusu sahani, mazungumzo yakamwisha, vifundo vya miguu vikamvimba. Sekela alidhani ni uchovu, akazidi kumpunguzia safari: hata beseni la kuogea akampelekea chumbani.

Siku ya kliniki, daktari wa zahanati alifungua daftari la mzee, akarudi kurasa za nyuma, akakunja uso.

“Dada, dawa anameza?”

“Anameza. Mimi mwenyewe ndiye ninayempa.”

“Na chakula?”

“Kilekile ulichotuelekeza.”

“Miaka mitatu presha ilitulia na sukari ilitulia. Miezi hii minne vyote vimepanda. Nyumbani kumebadilika nini?”

Sekela akafikiri, asione kitu. Aliyejibu ni mzee, taratibu, kama mtu anayeona haya kumshtaki mwanawe. “Nilikuwa na mbwa, daktari. Alikuwa akinitembeza.”

Daktari akaweka kalamu chini. “Basi yule mbwa alikuwa nusu ya dawa. Mrudisheni.”

Sekela hakungoja kesho. Alivuka mto, akambembeleza mlinzi, akarudi na Watasema akiivuta kamba njia nzima. Mbwa alimrukia mzee, akamlamba mikono, kisha akakimbilia njiani na kugeuka kumtazama, kama zamani. Mzee akacheka. Akashika fimbo, akajiinua, magoti yakakataa. Akajaribu tena, Sekela akimshika, akapiga hatua mbili na kurudi kitini akitweta.

“Nisamehe, baba.” Sekela alilia kwa sauti. “Niliogopa watasema sikutunzi.”

“Najua, mama.” Mzee alilipapasa lile sikio lililokatika. “Mbwa umemrudisha, ahsante. Ila siku ulipomfukuza, miguu yangu ilimfuata, nayo haijui njia ya kurudi.”

Watasema alisubiri kidogo, halafu akaja kulala juu ya miguu ile iliyovimba. Wakawa wanakaa hivyo kila asubuhi, wakiitazama njia ya buchani, mpaka mzee alipofariki kabla ya vuli. Msibani, yule mama wa kwaya alisimama akasema hajapata kuona binti aliyemtunza mzazi kama Sekela. Nilikuwa nimekaa karibu na Sekela. Sijaona sifa ikimuumiza mtu namna ile.

Tangu hapo Sekela hajakosa mbwa. Huyo mnayemwona ni wa tano. Magoti yanamuuma, namsikia akiguna anapopita hapa kwangu. Lakini kesho mkimkuta na mfuko wake, msimpokee. Mwamkieni, kisha mwacheni apande kilima na mbwa wake. Aliyemfukuza mbwa kafukuza na miguu.