Kinu cha Lalla Zouina

Nyama huoza, matunda huoza, hata mlango wa mbao huoza ukinyeshewa miaka. Lakini wahenga walichunguza wakaona kitu kimoja kisichooza: jambo jema unalomtendea mtu. Halipotei, hata kama aliyetendewa ametangulia mbele ya haki. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Wassila.

Wassila alitoka Biskra kwenye mitende, akaja kusoma chuo kikuu Constantine, mji uliokaa juu ya majabali. Korongo la mji ule lina kina ambacho jiwe likidondoka, hulisikii likitua. Mwaka wa kwanza alikuwa mpweke kama kifaranga aliyeachwa na mama, basi akajiandikisha katika chama cha wanafunzi wa kujitolea. Walianza kumi na wanne; baridi ilipoingia walibaki watatu. Yeye alipangiwa Lalla Zouina, bibi asiyeona, aliyeishi peke yake ukingoni mwa korongo. Kila Jumanne alasiri alimsomea gazeti, akampangia dawa zake na kumtungia uzi kwenye sindano.

"Wewe Wassila, una akili kweli?" Nawel, mwenzake wa chumbani, alimtania. "Mitihani iko mlangoni, wewe unakwenda kumsomea kikongwe matangazo ya vifo! Wanakupa alama ngapi?"

"Hata nusu."

"Basi mwachie Mungu wake."

"Mungu wake ndiye aliyenituma, shoga."

Lalla alikuwa na desturi moja. Ukungu ukipanda kutoka korongoni, hukaa dirishani na kutwanga kahawa katika kinu cha shaba: ko, ko, ko, kisha anapumzika, halafu ko moja ya mwisho.

"Ukungu mimi naunusa," alisema. "Siku kama hizi wenye macho ndio vipofu. Fuata kinu changu, binti yangu, usifuate macho." Kisha humimina kahawa yenye tone la maji ya maua ya mchungwa. "Kunywa! Umekonda kama huo uzi wangu. Mama yako atasema nakunyima."

Mitihani ilipokwisha, Wassila alikwenda kwao wiki tatu. "Nitakuletea tende," aliaga.

"Lete. Niwepo nisiwepo, kahawa yako ipo."

Alirudi Jumanne. Hakupita chuoni, alishuka kwenye basi na kifurushi chake cha tende, akashika njia ya ukingoni. Ukungu ulikuwa mzito kama sufi, hata viatu vyake mwenyewe hakuviona. Hakujua kwamba mvua za juma lile zilikuwa zimebomoa ukingo na kuondoka na uzio wa chuma. Alinyoosha mkono wa kushoto kuutafuta uzio kama alivyozoea. Mkono ukashika hewa. "Uko mbele kidogo," alijiambia, akapiga hatua. Akapiga nyingine.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko.

Sauti ilitoka nyuma yake. Wassila alishangaa, kwani mbele aliona kitu cheupe kama ukuta wa nyumba ya Lalla. Tena mlio ule haukuwa na mwangwi. Ulikuwa kama unatwangwa ndani ya kifua chake. Nywele zilimsimama. Akakumbuka: usifuate macho. Akageuka. Kisigino kilisukuma jiwe, jiwe likaporomoka, na hakulisikia likitua.

Akaufuata mlio hadi mlangoni kwa Lalla. Mlango ulikuwa na kufuli. Kinu kikanyamaza. Jirani, Mama Hadda, akachungulia.

"Wewe ndiye binti wa tende?"

"Ndimi. Lalla yuko wapi? Nimemsikia anatwanga sasa hivi."

Mama Hadda alishika shavu. "Mwanangu, Lalla tumemzika. Leo siku ya tisa."

"Na kinu?"

"Aliusia upewe wewe. Nilikiosha, nikakifunga kitambaa, nikakitia kabatini mwake humo ndani. Funguo hizi hapa shingoni mwangu."

Walifungua mlango, wakafungua kabati, wakafungua fundo. Harufu ya kahawa na maua ya mchungwa ikajaa chumba kizima. Kinu kilikuwa kimejaa kahawa iliyotwangwa laini, na shaba yake ilikuwa na joto kama kiganja cha mtu.

"Bismillahi!" Mama Hadda alirudi nyuma hadi ukutani.

Wassila hakurudi nyuma. Alikikumbatia kinu, machozi yakimtiririka, akaweka tende zake kando yake, moja moja.

Ukungu ulipoinuka walitoka pamoja kutazama njia. Nyayo za Wassila zilionekana wazi katika tope, zikienda moja kwa moja ukingoni. Unyayo wa mwisho ulikuwa nusu tu, vidole havikuwa na ardhi ya kukanyaga; hapo ndipo zilipogeuka.

Mama Hadda alimshika mkono kwa nguvu, akasema polepole, "Ama kweli, mwanangu, wema hauozi."