Yatima Saba na Mpango wa Miaka Mitatu

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu nisilazimike kupaza sauti, wanyama walipokuwa na nyumba, vikao na mihtasari kama sisi, palikuwa na kilima cha mawe. Katika ufa mmoja wa kilima hicho walilala watoto saba wasio na baba wala mama: sungura watatu, digidigi wawili na vifaranga wawili wa kware.

Waliowalea walikuwa kikundi kidogo cha kujitolea. Mwenyekiti alikuwa Mama Kanga, mwenye madoa mengi na maneno mengi zaidi. Katibu alikuwa Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, ambaye akisimama wima hafiki goti la mbuzi.

Kikundi alikianzisha mke wa Pimbi. Siku moja, adhuhuri, mke huyo alishuka bondeni kuchuma majani, asirudi. Pimbi aliendelea na kazi. Kila asubuhi aliwahesabu watoto, moja hadi saba. Kisha aliwahesabu tena.

Basi siku moja mawe ya njiani yakalia, kacha! kacha! Mbele alikuja Fisi, nyuma yake Chui.

"Hodi wenyewe!"

"Ka... karibuni," akajibu Mama Kanga.

"Shikamooni," akasema Pimbi. Meno yake yaligongana, ke-ke-ke.

"Marahaba, katibu! Hii-hii-hii!" akacheka Fisi. "Unatetemeka na jua lote hili?"

"Homa kidogo, Bwana Fisi."

"Pole sana. Tumesikia mnalea yatima. Nimelia, muulize mwenzangu. Tumekuja kuwa walezi wa kikundi."

Walezi! Tangu kikundi kianze, hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kupanda kilima kile. Mama Kanga aliusikia ule ukubwa, akasahau yale meno.

"Kwe-kwe-kwe! Karibuni viti! Jamani, wageni wetu rasmi!"

Chui hakukaa. Alizungumza taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Mna mpango mkakati?"

"Mpango gani, mzee?"

"Kikundi kisicho na mpango mkakati ni kundi la wapita njia. Tunataka wa miaka mitatu. Muandike watoto ni wangapi, wanalala wapi, nani anawalinda, na mlinzi huenda kunywa maji saa ngapi."

"Hasa hiyo ya maji," akadakia Fisi, mate yakimtoka.

"Siku ya saba tutarudi, usomwe mbele ya wanyama wote. Usiposomwa..." Chui akatoa ukucha mmoja, akaupitisha juu ya jiwe. Kwaruuu!

Walipoondoka, Mama Kanga alianza kupanga nani akae wapi siku hiyo. Pimbi hakumsikiliza. Alipenya katika nyufa za mawe, juu ya njia, ahakikishe kweli wamekwenda. Akawasikia chini yake.

"Saba," alisema Fisi. "Mimi wanne, wewe watatu."

"Nani kakwambia wewe wanne? Aliyebuni mpango ni nani?"

"Na aliyewalainisha wenyeji ni nani? Wewe unawatisha tu."

"Tutaona."

"Tutaona!"

Pimbi alilala kifudifudi juu ya jiwe mpaka moyo ulipopunguza kudunda. Kisha akarudi kwa mwenyekiti wake.

"Mama Mwenyekiti, tukiandika watoto wanapolala, wataliwa. Tusipoandika, tutaliwa sisi kwanza, halafu watoto."

Akamweleza aliyoyasikia. Mabawa ya Mama Kanga yakaanguka.

"Nimewakaribisha mwenyewe! Nimewapa na viti! Kwe! Tuhame basi, leo hii!"

"Na vifaranga wasiojua kuruka? Tuhamie wapi?"

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Tutaandika. Ila sitaanza na mahali. Nitaanza na hatari."

Kesho yake asubuhi Pimbi alichukua daftari, kalamu na kidau cha wino, akaenda nyumbani kwa Fisi. Miguu haikutaka. Kila baada ya hatua kumi alisimama akajikumbusha jambo moja: Hawezi kunila kabla sijaandika. Hawezi kunila kabla sijaandika.

Mlangoni mwa Fisi palitapakaa mifupa, mikubwa na midogo, imekauka ikawa myeupe. Pimbi alipita katikati yake akiangalia mbele. Hakutaka kujua upi ulikuwa wa nani.

"Hodi."

"Aa, nyama... aa, katibu! Karibu ndani."

"Hapa hapa panatosha, Bwana Fisi. Nakusanya maoni ya wadau. Kila mpango una ukurasa wa hatari. Mlezi ndiye huulizwa kwanza: je, yatima hawa wamwogope nani kuliko wote?"

Fisi akakuna shingo. Hajitaji, si mjinga. Akawaza wale wanne. Kisha akawaza saba.

"Chui," akanong'ona.

"Chui yupi?"

"Wapo wangapi? Huyu huyu! Andika: ni mwizi. Andika kuwa mchana hulala juu ya mgunga ulioinama, pale kwenye kivuko cha kusini. Na hawezi kuwinda asipokuwa na upepo wa usoni. Mlinzi wa watoto niwe mimi. Mimi peke yangu. Alfajiri, mlinzi wenu apate kwenda majini."

"Nimeandika. Sikiliza nikusomee."

Alimsomea neno kwa neno.

"Sawasawa. Ongeza kuwa ni mnafiki."

"Nimeongeza. Weka alama ya mguu hapa."

Fisi akachovya mguu katika wino, akagandamiza, pwaa! "Lakini Chui usimwambie."

"Kazi yangu ni kuandika, Bwana Fisi."

Pimbi hakukimbia mpaka alipoupita mfupa wa mwisho. Hapo ndipo alipokimbia.

Alasiri alikwenda kwenye kivuko cha kusini. Kweli, mgunga ulikuwa umeinama, na juu yake mkia ulining'inia. Upepo ulivuma kutoka nyuma ya Chui. Pimbi akasimama mahali harufu yake isipomfikia Chui, akapaza sauti.

"Mzee Chui, shikamoo! Maoni ya wadau!"

Chui alishuka bila kishindo. Alimzunguka Pimbi mara moja. Akamzunguka mara ya pili, karibu zaidi. Pimbi alihisi pumzi yake ikimpiga kisogoni, lakini kalamu hakuiangusha.

"Hatari?" Chui akauliza baada ya kusikia swali. "Swali zuri. Ni Fisi. Andika kuwa hula hata wanawe mwenyewe. Andika kuwa hupita kijito kikavu, kila siku njia ile ile, kwa uvivu. Akishiba haoni mbele wala nyuma. Watoto niwalinde mimi. Peke yangu. Alfajiri."

"Alfajiri, mzee?"

"Alfajiri. Una swali?"

"Sina, mzee. Weka alama hapa."

Siku ya saba umati ulijaa chini ya kilima. Mama Kanga alikuwa ameialika familia nzima ya nyati, na kuiweka safu ya mbele. Mbele ya pembe zile hata Chui alikaa kwa adabu. Yeye na Fisi walikaa bega kwa bega kwenye viti vya walezi, wakinong'onezana na kuchekeana.

Pimbi akapanda juu ya jiwe. Akafunua daftari, kurasa zikapigana, pata-pata-pata.

"Soma mahali!" akaita Fisi.

"Kwa utaratibu, Bwana Fisi," akasema Mama Kanga. "Hatari kwanza. Mahali baadaye."

Pimbi akasoma. "Ukurasa wa kwanza. Hatari kubwa kwa watoto. Maoni ya mlezi Fisi, na alama ya mguu wake hii hapa: Hatari ni Chui. Ni mwizi na mnafiki. Mchana hulala juu ya mgunga ulioinama, kivuko cha kusini..."

Chui aligeuza kichwa polepole sana.

"Inaendelea: Mlinzi niwe mimi peke yangu, alfajiri."

"Peke yako?" Chui akauliza. "Si ulisema wanne kwa watatu?"

Nyati wakatazamana. Wanne nini?

"Uongo!" akabweka Fisi. "Huyu panya wa mawe kanitungia!"

"Mguu huu ni wa panya?" akauliza Mama Kanga, akiinyooshea bawa ile alama. Umati ukaguna.

"Maoni ya mlezi Chui," Pimbi akaendelea, kwa kasi sasa, maana alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. "Hatari ni Fisi. Hula hata wanawe mwenyewe. Hupita kijito kikavu, kila siku..."

"Wanangu?" Fisi akalia. "Umewataja wanangu?"

"Wewe umeutaja mti wangu!"

Kraaa! Viti vilipasuka. Vumbi likapanda, na ndani yake zikasikika ngumi, meno, laana na madeni ya zamani ya nyama. Nyati mkubwa akainuka, akainamisha pembe. Akasema neno moja tu: "Tokeni."

Walitoka. Chui akichechemea kusini, Fisi akielekea kaskazini na sikio moja, kila mmoja akigeuka nyuma kumtazama mwenzake. Hawakuwinda tena pamoja. Na penye mgunga ule na kijito kile hakuna mnyama mdogo aliyepita tena bila kuchungulia kwanza, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesikia.

Umati ulipotawanyika, Mama Kanga alifunua kurasa za daftari.

"Katibu, ukurasa wa mahali mbona mtupu?"

"Sikuuandika."

"Tuuandike sasa, maana hatari imeondoka."

"Imekwenda mbali, Mama. Haijaondoka. Uache mtupu."

Akapanda kwenye ufa kuwahesabu watoto. Walikuwa saba.

Mnyonge akikijua anachokiogopa, ameshaanza kupanga.